Kuchangamsha mazingira ya ng'ombe, mbuzi na kondoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Tabora na Kigoma

Maswali haya yanawahusu wafugaji wa aina tatu: wenye mazizi ya ng'ombe wa kienyeji kama kule Nzega, Igunga na Kaliua, wenye ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa ndani kwenye miinuko ya Kasulu na Buhigwe, na wenye mbuzi wachache wa kamba pembezoni mwa miji. Jibu linapogusa jambo lililokwisha elezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Kuchangamsha mazingira ya mifugo maana yake nini?

Ni kumrudishia mnyama nafasi ya kufanya yale aliyoumbwa kuyafanya, ambayo banda, zizi au kamba imemnyima. Ng'ombe ameumbwa kutembea akichagua majani, kujikuna, kulambana na wenzake, kisha kulala na kucheua kwa saa nyingi. Mbuzi ameumbwa kupanda na kuvuta majani ya juu. Kondoo ameumbwa kuishi ndani ya kundi. Nguzo ya kujikunia, jukwaa la kupanda, tawi lililoning'inizwa, ndama mwenzake: vyote hivi ni vichangamshi, na neno hilo ndilo tutakalolitumia hapa chini.

Jambo hili si la anasa. Mwaka 1965 Kamati ya Brambell nchini Uingereza ilisema kila mnyama wa shambani apate walau nafasi ya kusimama, kulala, kujigeuza, kujisafisha na kunyoosha miguu. Kutokana na hoja hizo zikaja zile zinazoitwa "uhuru tano", na mmoja wao ni uhuru wa mnyama kuonyesha tabia zake za asili. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

2. Ng'ombe wangu wanatoka malishoni kila siku. Nao wanahitaji vichangamshi?

Mchana, kwa kiasi kikubwa hapana. Msitu wa miombo una magome ya kujikunia, vichuguu, vivuli na majani ya kila aina, hakuna banda litakaloushinda. Tatizo la ng'ombe hawa ni usiku. Wakirudi saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa saa mbili au tatu asubuhi, wamekaa zizini zaidi ya nusu ya siku, na huo ndio muda wao wa kulala na kucheua. Kwao fedha na nguvu ziende kwenye sehemu kavu ya kulala (swali la 8) kabla ya kitu kingine chochote.

3. Nianze na kipi?

Anza na maji, mahali pa kulala na kivuli, kwa mpangilio huo. Mnyama mwenye kiu hana haja na brashi.

Ng'ombe wa kienyeji hunywa kama lita 25 hadi 40 kwa siku, na zaidi ya hapo mwezi wa tisa na wa kumi kabla mvua hazijafungua. Ng'ombe wa maziwa anaweza kufika lita 60 hadi 100. Ukitaka kukadiria, hesabu lita nne au tano za maji kwa kila lita ya maziwa, kisha ongeza mahitaji yake ya kawaida. Mbuzi mmoja hunywa lita 4 hadi 10. Kivuli kiwe walau mita 3 za mraba kwa kila ng'ombe wa kienyeji na 4 hadi 5 kwa ng'ombe wa maziwa. Paa liwe juu mita 3 au zaidi, na urefu wa banda uende kutoka mashariki hadi magharibi ili jua la mchana lisiingie ndani. Mwembe mkubwa unashinda bati, kwa sababu majani hayarudishi joto chini. Ila zungushia shina lake uzio mdogo, la sivyo ng'ombe watalichuna gome hadi mti ukauke.

4. Nitajuaje kwamba mnyama amechoshwa na banda?

Kaa kimya robo saa, mara mbili kwa siku, na usiwe wakati wa kulisha. Ng'ombe anayezungusha ulimi nje ya mdomo hewani bila kushika chochote, akarudia na kurudia, anafanya mwendo wa kuchuma majani ambayo hayapo. Wengine hulamba bomba au ubao ule ule mpaka unang'aa. Ndama hunyonya masikio ya wenzao. Mbuzi huguguna fito za banda. Kondoo aliyetengwa hulia bila kukoma na kwenda huku na huko kando ya ukuta.

Kuna dalili isiyo na kelele, nayo hupita bila kuonekana: mnyama anayesimama muda mrefu, kichwa chini, hacheui, hageuki hata ukipita. Huyo mpime homa kwanza. Ndigana kali na ndigana baridi, magonjwa ya kupe, na nagana, ugonjwa wa mbung'o, humfanya mnyama azubae vilevile, na mkoa wenye mbung'o kama Tabora hauruhusu kudhani tu kwamba amechoshwa. Akila mifupa, nguo au udongo, soma swali la 17.

5. Maziwa yataongezeka?

Kichangamshi chenyewe hakitengenezi maziwa. Kinachoongeza maziwa ni kulala vizuri, kula bila kufukuzwa na kukosa hofu, na baadhi ya vichangamshi husaidia hayo. Anayekuahidi lita mbili zaidi kwa sababu ya brashi anakuuzia brashi. Faida utakayoiona mapema ni ng'ombe mtulivu wakati wa kukamua, ngozi safi, na banda lisiloguguniwa.

## Ng'ombe

6. Nguzo ya kujikunia inatengenezwaje?

Ukitaka kichangamshi kimoja tu cha ng'ombe, chagua hiki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwawekea ng'ombe lango zito la kusukuma ili wafikie brashi; ng'ombe walisukuma uzito mkubwa sawa na ule waliousukuma ili wafikie chakula kipya.

Tafuta gogo gumu lenye unene wa sentimita 15 hadi 20 na urefu wa mita 2.2. Liwe na gome lake la mikwaruzo likipatikana. Chimba shimo la sentimita 75, weka mawe chini, simamisha, shindilia udongo wa kichuguu uliolowana kidogo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe mpaka mchi udunde. Acha siku tatu kabla ng'ombe hawajafika. Nguzo iliyoshindiliwa haraka huanza kuchezacheza wiki ya kwanza, na ng'ombe hawapendi kuegemea kitu kinachokimbia.

Kisha chukua brashi ngumu za kusugulia sakafu, zenye ubao na nywele za plastiki, tatu au nne. Zifunge kwa skrubu zilizozamishwa ndani ya ubao, moja ikiwa usawa wa sentimita 90 kutoka chini, nyingine 110 na nyingine 130, kwenye pande tofauti za nguzo. Usitumie misumari. Ng'ombe wa kilo 300 akijisugua huung'oa msumari taratibu, ukianguka kwenye majani anaumeza, nao hutua katika tumbo lililo jirani kabisa na moyo na unaweza kuutoboa. Brashi zikikosekana, zungushia kamba ya mkonge iliyobanwa sana, bila ncha inayoning'inia.

Ukitaka mgongo na tumbo navyo vifikiwe, ongeza gogo la kulala mshazari, ncha moja sentimita 80 kutoka chini na nyingine 150. Ndama watatumia upande wa chini, wakubwa upande wa juu.

Weka nguzo mbali na chakula na maji, angalau mita 3 pande zote, ili anayejikuna asizuie njia. Nguzo moja inatosha ng'ombe 15 hadi 20. Ng'ombe akiikubali utamwona: anaanza na shavu, anapanda nyuma ya pembe, kisha anaigeuzia shina la mkia, mahali asipofika kwa ulimi wala kwato. Shingo inalegea na macho yanafumba nusu.

7. Nguzo haitasambaza upele na kupe?

Kupe hawahami kwa njia hiyo kwa kiasi cha kukutisha. Kupe wanatoka majanini. Choa na ukurutu ndivyo vinavyosambaa kwenye brashi. Ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya au ngozi iliyonenepa na kutoa magamba, ng'oa brashi, zisugue kwa maji ya moto na sabuni, zianike juani siku kadhaa, na zisirudi mpaka mgonjwa atibiwe. Kukiwa na ugonjwa wa mapele ngozi, fuata maelekezo ya daktari wa mifugo na ondoa kila kitu cha kugusana. Na ng'ombe wote wakianza kujikuna kupita kawaida kwa wakati mmoja, tafuta chawa kabla hujafurahi kwamba wameipenda nguzo.

Usipake oili chafu ya gari kwenye nguzo, hata ukiambiwa inafukuza kupe. Ng'ombe hulamba anachojisugulia, na oili hiyo ina sumu.

8. Zizi langu linajaa tope kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Nifanyeje?

Jenga tuta la kulalia. Ng'ombe anahitaji kulala saa 10 hadi 14 kwa siku, na akinyimwa vyote viwili kwa muda, kulala na kula, atalala kwanza. Kwenye tope la kufika kwenye vifundo hulala pale tu miguu inaposhindwa, na matokeo yake ni kwato zinazooza, kiwele kichafu na ugonjwa wa kiwele.

Kazi hii ifanyike kiangazi, kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Chagua sehemu ya juu ya zizi. Ondoa samadi yote mpaka udongo mgumu uonekane. Tuta lililojengwa juu ya samadi huzama mvua ya tatu tu. Leta udongo wa kichuguu kilichohamwa, uponde, unyunyizie maji kiasi kwamba ukiufinyanga unashikana bila kulowesha mkono, kisha panga tabaka za sentimita 15 na kushindilia. Tuta liwe na kimo cha sentimita 60 hadi 80 katikati na mteremko wa hatua moja kwenda juu kwa hatua tano kwenda mbele. Ukilifanya la mteremko mkali, ng'ombe hawatalala, na wenye mimba watateleza. Eneo liwe mita 3 hadi 4 za mraba kwa kila mkubwa. Chimba mfereji kuzunguka sehemu ya juu ili maji ya mlimani yasipite zizini, na kwangua samadi ya juu kila baada ya siku chache.

Zizi la watu wengi wa Unyamwezini lina miiba kuzunguka na lango moja. Weka tuta mbali na lango, la sivyo litakanyagwa na kundi zima kila asubuhi.

9. Ng'ombe wangu wa maziwa hatoki bandani. Vipimo gani vinamfaa?

Kizimba cha kulalia cha ng'ombe chotara kiwe na urefu wa mita 2.1 hadi 2.4 na upana wa mita 1.1 hadi 1.2, sakafu ikiteremka kidogo kwenda nyuma. Akinyanyuka, ng'ombe hutupa kichwa mbele kabla ya kuinua nyonga, hivyo ukuta ulio karibu na pua humlazimisha anyanyuke kama farasi, kwa miguu ya mbele kwanza. Ukiona hivyo, kizimba ni kifupi. Malazi yawe sentimita 10 hadi 15 za pumba za mpunga, maranda makavu au majani makavu. Jaribu mwenyewe: piga magoti kwa kishindo. Magoti yakiuma, na yake yanauma.

Hori liwe na sentimita 60 hadi 70 za mdomo kwa kila ng'ombe. Nje ya kizimba apate kiwanja cha kutembea, hata mita 6 kwa 4, chenye nguzo ya kujikunia. Kwenye miteremko ya Buhigwe watu husema nafasi hakuna; mara nyingi ipo, ila imefunikwa na lundo la samadi. Majani mpe mara tatu au nne kwa siku badala ya mara moja, na mengine yaachwe marefu. Majani yote yakikatwakatwa laini, anamaliza haraka na muda uliobaki ulimi hauna kazi. Shina la mgomba lililopasuliwa kwa urefu humpa kutafuna kwingi, ingawa ni maji matupu kwa lishe, kwa hiyo lisichukue nafasi ya majani.

10. Ndama afugwe peke yake au na mwenzake?

Na mwenzake, tangu wiki za mwanzo, wakitofautiana umri si zaidi ya wiki mbili au tatu. Ndama wa wawili huanza kula pumba na majani mapema kwa kuigana, na huogopa vitu vipya kidogo kuliko aliyekulia peke yake. Nafasi iwe walau mita 1.5 za mraba kwa kila mmoja, na mbili ni bora. Akiwa amezaliwa mmoja tu, mpakanishe na ndama wa jirani kwa ukuta wa fito, wagusane pua. Ila jirani huyo asiwe na ndama anayeharisha.

11. Ndama wananyonyana vitovu na masikio. Niwatenganishe?

Usiwatenganishe kabla hujabadilisha namna ya kuwanywesha. Hamu ya kunyonya huwaka pale ndama anapoonja maziwa na huendelea kama dakika 10 hadi 15. Aliyekunywa ndoo kwa dakika moja bado ana hamu yote, na sikio la mwenzake liko karibu. Tumia ndoo yenye chuchu, tundu dogo, ili maziwa yachukue dakika kadhaa. Akimaliza mwachie chuchu kavu, kisha weka pumba na majani laini mbele yake papo hapo. Ongeza pia kiasi. Ndama chotara anayepewa lita mbili kwa siku ananyonya kwa sababu ana njaa. Lita 4 hadi 6, zikigawanywa asubuhi na jioni, zinamtosha zaidi. Chuchu zioshwe kila baada ya kunywesha.

12. Redio bandani inasaidia?

Ikiwa ni sauti ile ile, ya chini, kila wakati wa kukamua, ng'ombe huizoea na makelele ya ghafla ya nje hayamshtui sana. Kinachomsaidia zaidi ni mkono wako. Mkune polepole chini ya shingo na kwenye kidari kwa dakika tatu kabla ya kukamua. Atanyoosha shingo akuelekeze.

## Mbuzi na kondoo

13. Jukwaa la mbuzi lijengweje?

Kwa mbuzi watano hadi kumi, jenga ngazi tatu: sentimita 30, 50 na 80. Kila ngazi iwe pana angalau mita moja kwa sentimita 60, walale wawili. Tumia magogo yaliyolazwa na kufungwa pamoja, mawe makubwa yasiyotikisika, au mbao nzito juu ya miguu ya nguzo. Uso uwe wa mikwaruzo. Ubao uliolainishwa na mvua na kinyesi huvunja miguu.

Jukwaa likae mita 2 kutoka kwenye uzio. Likiwa karibu zaidi umewajengea ngazi ya kutorokea kwenye mahindi ya jirani, na mbuzi watalijua hilo siku ya kwanza. Kama banda lako ni la kuinua, mianya ya sakafu iwe sentimita 1.5 hadi 2, la sivyo kwato za vitoto zitanaswa.

Weka majukwaa mawili mafupi badala ya moja refu kama una mbuzi wenye pembe na wasio na pembe pamoja. Jike mwenye cheo hukaa juu na kumpiga kila anayepanda. Jukwaa la pili humpa mnyonge mahali pake.

14. Matawi gani ni salama, na yafungweje?

Salama na yanapendwa ni ya miti ya malisho kama lusina, kaliandra, gliricidia iliyonyauka kidogo, sesbania, na matawi ya mwembe kwa kiasi. Lusina isizidi theluthi ya malisho, kwa sababu ina sumu inayonyonyoa manyoya ikiliwa kwa wingi muda mrefu.

Ning'iniza kwa kikonyo, majani yakitazama chini, usawa wa kichwa cha mbuzi mpaka juu kidogo, mita 1 hadi 1.5. Tazama anavyokula: mguu wa mbele unapanda kwenye ukuta, midomo inachagua jani changa kwanza, kisha kichwa kinavuta kwa pembeni mpaka jani likatike, na tawi linamrudia usoni. Majani yaleyale yakimwagwa chini hukanyagwa, na mbuzi hagusi kilichokanyagwa.

Kamba iwe fupi, isiyoweza kufanya kitanzi cha kuingia kichwa. Usitumie wavu wenye matundu makubwa kwa mbuzi wenye pembe; huingiza kichwa na kushindwa kukitoa.

Haya yasifike bandani: tumbaku, iwe jani, kikonyo au masalia ya kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku), kwani nikotini huua; mbono kaburi na mnyaa, hata kama ndiyo uzio wako, maana utomvu wa mnyaa hupofusha; mbarika; na lantana, kile kichaka cha vimaua vya chungwa na waridi, kinachoharibu ini na kufanya ngozi nyeupe iungue juani. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, hasa ya muhogo mchungu. Yakatekate na kuyaanika juani siku mbili au zaidi. Mtama unaochipua upya baada ya ukame nao ni hatari vilevile.

15. Mbuzi wangu ni wa kamba. Naweza kumfanyia nini?

Kamba iwe mita 5 au 6, ifungwe kwenye mkanda wa shingoni usiokaza, si kitanzi. Kwenye mambo, yaani kigingi cha kufungia, weka pete inayozunguka ili kamba isijisokote. Hamisha mambo mara mbili kwa siku, kabla majani hayajaisha. Ndani ya duara kuwe na kivuli cha jua la saa saba, maji kwenye chombo kisichopinduka, na jiwe au kichuguu kigumu cha kupanda. Mfunge aone mwenzake, lakini kamba zisifikiane. Usimfunge karibu na mti mdogo au kisiki. Atazunguka mpaka ajinyonge.

16. Na kondoo?

Kondoo kinachomtuliza ni kondoo mwingine. Wasipungue wawili, na watatu ni bora, kwa sababu mmoja akiuzwa hubaki jozi. Ukilazimika kumtenga mgonjwa, atengwe kwa fito ili awaone wenzake. Majukwaa hawana haja nayo. Ukuta wa kujisogezea na uwanja mkavu ndivyo wanavyovitumia.

## Hatari na hali za pekee

17. Ng'ombe wangu anakula mifupa, nguo na udongo. Amechoka na banda?

Mara nyingi ni upungufu wa madini, hasa fosforasi na chumvi. Kichangamshi hakitibu hilo. Mpe jiwe la kulamba lenye fosforasi, na chumvi. Chumvi ya Uvinza inafaa kwa chumvi, ila haina fosforasi ya kutosha, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Weka chini ya paa, usawa wa mdomo, mbali na kizimba cha kulala, na maji yawe tele kila wakati; chumvi bila maji hudhuru. Okota mifupa yote ya zizini na malishoni: mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu inayolegeza misuli mpaka mnyama ashindwe kusimama. Wiki kadhaa baada ya kupata madini, kama bado anatafuna ubao, ndipo urudi swali la 4.

18. Vitu gani nisiviweke bandani kabisa?

Matairi yaliyochakaa yenye nyaya zilizotokeza. Mbao za rangi ya zamani. Vipande vya nguzo za umeme au uzio zilizowekewa dawa, kwa kuwa ng'ombe huzilamba. Kamba za nailoni, mifuko, na plastiki za mbolea ya tumbaku, ambazo hujaa tumboni na kuziba. Betri, hata ganda lake tu.

Dumu la lita 5 lililotobolewa matundu ya sentimita 3 au 4 na kutiwa punje za mahindi ni kichangamshi kizuri cha mbuzi, mradi kingo za matundu zilainishwe kwa moto na punje zisizidi gramu 50 kwa kila mbuzi kwa siku. Mahindi mengi kwa ghafla huchachua tumbo, na mbuzi anaweza kufa kwa siku moja au mbili.

19. Nimeweka, hawagusi.

Wape siku kumi. Ng'ombe huogopa kitu kipya kilichoko njiani, zaidi kikicheza au kikilia. Kisogeze pembeni, paka maji ya chumvi kidogo kwenye nguzo, waache wainuse wenyewe. Usimburute mnyama kukifikia. Baada ya hapo hesabu kwa robo saa ni wangapi wamekitumia. Wakikiacha baada ya kukitumia wiki kadhaa, kwa matawi na dumu badilisha aina na mahali. Nguzo na tuta huwa hawavichoki.

20. Wanapigana kwa ajili ya brashi au jukwaa.

Ongeza cha pili, mita 5 au zaidi kutoka cha kwanza. Kukitoa hakumalizi ugomvi, kunauhamishia kwenye hori.

21. Ninanenepesha maksai miezi mitatu tu. Inafaa kuhangaika?

Nguzo moja na uwanja mkavu, ndiyo. Usichanganye makundi baada ya wiki ya kwanza. Kila mgeni huanzisha upya vita vya cheo na kupandiana, na kilo zinapotea huko. Mashudu ya pamba au alizeti yaje na majani marefu, si pumba tupu, kwa sababu kinachowafanya wazungushe ndimi ni kukosa cha kucheua.

22. Dume la mbegu linakaa peke yake na limekuwa kali.

Dume lililokulia peke yake, bila ng'ombe wa kulionya kwa pembe, huwa hatari kwa watu. Banda lake lipakane na la majike au la maksai mtulivu, kwa fito za kuonana na kunusana. Weka nguzo ya swali la 6, lakini nene zaidi, sentimita 25, na shimo la mita moja. Gogo la kilo 40 hadi 60 lililoning'inizwa kwa mnyororo, likigusa usawa wa paji la uso, humpa kitu cha kusukuma. Mnyororo ufunikwe kwa bomba la mpira na fundo la juu likaguliwe kila wiki. Chakula, maji na usafi vifanyike kutoka nje ya fito. Hata akitulia miezi sita, usiingie peke yako, na usimpe mgongo.